UZI: Nani analipwa vizuri, mtu wa serikali au mtu wa kampuni?

1. Kila Juni bajeti ikisomwa, vita ni vilevile. Mmoja anasema wafanyakazi wa serikali wanakula kodi yetu yote na kazi hawafanyi. Mwingine anajibu kwamba serikali inalipa vibaya, ndiyo maana madaktari wanatorokea ng'ambo. Na wote wawili wanataja mishahara ya kampuni kama ushahidi. Leo tuutazame huo ushahidi. Tutaanzia mbali kidogo, maana ubishi huu una zaidi ya miaka 70.

2. Kanuni za humu mnazijua: sitaji mwanasiasa, sitaji chama. Nitataja tume, sheria, miaka na pesa. Ukimaliza kusoma, bado unaweza kupiga kura unavyotaka.

3. Nianze na nyumbani. Mama aliajiriwa kama mwalimu wa shule ya msingi mwaka wa 1978. Kakake, yaani mjomba wangu, alikuwa fundi wa mitambo kwenye kiwanda cha nguo. Miaka ya themanini mjomba ndiye aliyekuwa tajiri wa familia. Redio ya kaseti ya kwanza niliyoiona ilikuwa yake. Kufikia tarehe 20 mama alikuwa akimwendea kukopa. Ungemuuliza mtoto yeyote kwetu ni kazi gani inalipa, angekuambia kiwanda. Washike hao wawili akilini, nitawarudia.

4. Sasa twende 1947. Januari mwaka huo mji wa Mombasa ulisimama. Wafanyakazi wapatao 15,000 waligoma kwa siku 12: watu wa bandarini, wa reli, wa hoteli, hadi wapishi wa majumbani. Reli ilikuwa mali ya umma, hoteli ilikuwa ya mtu binafsi, lakini malalamiko yalikuwa mamoja. Mshahara haukutosha chakula na kodi ya chumba. Hakuna aliyemwambia mwenzake "wewe wa serikali una afadhali."

5. Mwaka wa 1948 ikatoka ripoti ya Tume ya Holmes, iliyochunguza utumishi wa umma wa Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar. Ilipendekeza kwamba Mwafrika au Mwasia mwenye sifa sawa na Mzungu, kwenye kazi hiyohiyo, alipwe tatu kwa tano ya mshahara wa Mzungu. Yaani mwenzako akipokea 500, wewe unapokea 300. Meza ni moja, faili ni moja, bosi ni mmoja.

6. Watu wengi wakisikia hilo wanaona ubaguzi tu, na ni kweli ulikuwa ubaguzi. Lakini angalia pia jinsi hesabu ilivyopigwa. Mzungu alilinganishwa na kile ambacho angeweza kulipwa kwao Uingereza, maana lazima avutiwe kuja. Mwafrika hakulinganishwa na soko lolote. Aliambiwa hicho ndicho kinachomtosha. Ofisi moja, vipimo viwili. Hili ndilo jambo ninalotaka mlifuate hadi mwisho wa uzi: nani analinganishwa na nani, na nani amechagua kipimo.

7. Miaka michache baadaye ikaja Tume ya Lidbury. Ripoti yake ya 1954 ilifuta viwango vya mishahara vya rangi. Vizuri. Lakini walioajiriwa kutoka ng'ambo waliwekewa nyongeza maalum ya kuwavutia, juu ya mshahara. Kwa hivyo tofauti iliondoka kwenye mshahara wa msingi, ikahamia kwenye kitu kilichoandikwa pembeni. Leo tungekiita marupurupu. Mbinu hiyo haijawahi kutoka nchini tangu siku hiyo.

8. Mwaka huohuo wa 1954, Kamati ya Carpenter ilitoa ripoti kuhusu mishahara ya Waafrika. Ndani yake kuna ulinganisho wa serikali na kampuni ambao watu wa leo hawautaji kabisa. Karibu nusu ya wafanyakazi wa mijini walioajiriwa na kampuni walikuwa wanalipwa chini ya kiasi cha kukidhi mahitaji ya lazima. Kwa walioajiriwa katika utumishi wa umma, ilikuwa karibu robo.

9. Soma tena polepole. Kwa mtu wa chini, serikali ilikuwa mwajiri mbaya na kampuni ilikuwa mbaya zaidi. Kamati hiyo pia ililalamikia kwamba kima cha chini cha mshahara kilipigiwa hesabu ya mwanamume asiye na familia, kana kwamba mke na watoto wanalishwa na shamba la nyumbani. Kwa hivyo ukiona mtu wa kawaida alipendelea kazi ya serikali enzi hizo, hakuwa akifuata utajiri. Alikuwa akikimbia njaa kubwa zaidi.

10. Uhuru ukaja 1963. Waafrika wakachukua ofisi za Wazungu, na wakachukua mishahara ya ofisi hizo. Wangefanyaje? Ungesema katibu Mwafrika alipwe pungufu, ungekuwa umerudi kwa Holmes. Lakini pengo lile kati ya juu na chini lilikuwa limejengwa ili kuvutia watu kutoka Uingereza. Watu hao waliondoka, pengo likabaki. Mkubwa wa ofisi na tarishi wake wakawa Waafrika wawili wanaoishi nchi mbili tofauti.

11. Mwaka wa 1964 ukatiwa sahihi mkataba wa pande tatu. Serikali iliahidi kuongeza wafanyakazi kwa asilimia 15, waajiri wa kibinafsi kwa asilimia 10, na vyama vya wafanyakazi vikakubali kutodai nyongeza wala kugoma kwa mwaka mmoja. Lengo lilikuwa kupunguza watu wasio na kazi. Yaani serikali iliajiri si kwa sababu ilihitaji watu wote wale, bali kwa sababu watu walihitaji kazi. Tukiuliza leo kwa nini ofisi fulani ina makarani wengi, tukumbuke tulivyoanza.

12. Sasa tufike 1971, mwaka ambao mimi nauona muhimu kuliko yote. Tume ya Ndegwa, iliyochunguza muundo na malipo ya utumishi wa umma, ilikubali kwamba mtumishi wa serikali anaweza kumiliki mali na kufanya biashara zake binafsi, mradi tu asigonganishe maslahi yake na ya umma.

13. Ukiitazama kwa jicho la mishahara, hiyo ilikuwa njia rahisi sana. Huna haja ya kumlipa afisa mkubwa kama meneja wa kampuni ikiwa yeye mwenyewe anaweza kuwa na kampuni. Shida ni ile "mradi tu". Masharti yalibaki kwenye karatasi, ruhusa ikatembea. Afisa anayetoa leseni akawa na duka. Anayenunua bidhaa za wizara akawa na jamaa anayeuza. Kufikia 1980, kamati nyingine, ile ya Waruhiu, ilikuwa inalalamika kwamba watumishi wanaacha kazi za umma na kushughulikia zao.

14. Na hapa ulinganisho wa mishahara unavunjika kabisa. Utamlinganishaje mtu wa serikali na mtu wa kampuni kama hujui huyu wa serikali anapata nini nje ya mshahara? Hati ya mshahara wake inakuonyesha sehemu tu. Tumeendelea kubishana kuhusu sehemu hiyo kwa zaidi ya miaka 50. Sheria kamili ya mgongano wa maslahi tumeipata 2025 tu.

15. Halafu mwalimu wa shule ya msingi kijijini angefanya biashara gani ya kugonganisha maslahi? Aliuza maziwa ya ng'ombe wake mmoja. Ruhusa ya 1971 ilikuwa ya kila mtumishi, lakini ilikuwa na faida kwa aliye karibu na sahihi na muhuri. Mama hakuwahi kuwa karibu na muhuri wowote.

16. Upande wa kampuni nao haukuwa huru. Kuanzia 1973 serikali iliweka miongozo ya mishahara, na Mahakama ya Viwanda ikawa inaifuata. Hata chama kikiwa na nguvu namna gani, nyongeza ilikuwa na dari. Miongozo hiyo ililegezwa 1994. Kwa watumishi wa serikali hali ilikuwa ngumu zaidi: chama chao kilifutiwa usajili 1980. Kwa zaidi ya miaka 20 karani wa wizara hakuwa na mtu wa kuketi mezani kwa niaba yake.

17. Mwaka wa 1993 mfumuko wa bei ulifika karibu asilimia 46. Fikiria mshahara wako unabaki palepale na bei ya kila kitu inapanda karibu nusu kwa mwaka mmoja. Mwaka uliofuata miongozo ikalegezwa, vyama vya sekta ya kibinafsi vikaweza kudai fidia kamili ya gharama ya maisha. Serikali haikuwa na pesa za kufuata. Hapo ndipo watumishi wengi wa umma walipoanza kuachwa nyuma vibaya.

18. Wakati huohuo, wafadhili walitaka serikali ipunguzwe. Ukaanzishwa mpango wa kustaafu mapema kwa hiari, ukilenga madaraja ya chini, A hadi G. Makumi ya maelfu waliondoka. Ahadi ilikuwa kwamba watu wakipungua, watakaobaki watalipwa vizuri. Angalieni ni nani aliyelengwa: tarishi, dereva, karani. Madaraja ya juu hayakuwa kwenye orodha ya walioitwa ziada.

19. Oktoba 1997 walimu wakagoma. Uchaguzi mkuu ulikuwa Desemba. Serikali ikakubali nyongeza ya asilimia 150 hadi 200, ilipwe kwa awamu katika miaka mitano. Namkumbuka mama akirudi nyumbani jioni hiyo. Alikaa kwenye ngazi ya mlango na viatu mkononi, akapiga hesabu kwa sauti: deni la duka, karo ya kaka yangu, mabati. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumsikia akipanga kitu cha mwaka ujao.

20. Awamu ya kwanza ililipwa. Zilizobaki zikasimamishwa, serikali ikasema haina pesa. Walimu wakagoma tena 1998, wakarudi darasani mikono mitupu. Hesabu hiyo ilikuja kupatanishwa upya 2003. Mabati ya mama yalingoja.

21. Sasa sikilizeni hii. Mwaka wa 1999, mwaka mmoja tu baada ya walimu kuambiwa hakuna pesa, kikaletwa serikalini kikosi cha wataalamu kutoka kampuni kubwa na mashirika ya kimataifa. Watu walikiita Dream Team. Mishahara yao ilikaribiana na waliyokuwa wakilipwa huko walikotoka, na wafadhili ndio waliosaidia kuijaza. Mwaka wa 2000, watumishi wa kawaida wakapunguzwa tena kwa maelfu. Kikosi kikavunjwa 2001.

22. Sisemi wale wataalamu hawakufaa. Pengine walifaa. Nasema tazameni vipimo. Mtu wa juu aliulizwa: kampuni inakulipa ngapi? Mwalimu aliambiwa: Hazina ina ngapi? Ni maswali mawili tofauti kabisa. La kwanza linapandisha mshahara kila mara, la pili linaushusha kila mara. Na anayeamua utaulizwa swali gani si wewe. Kwa maoni yangu, hiyo ndiyo historia nzima ya mishahara ya umma Kenya, kuanzia Holmes hadi leo.

23. Na mjomba je? Kiwanda chake kilifungwa katikati ya miaka ya tisini. Soko lilikuwa limefunguliwa, nguo za mitumba zikajaa, viwanda vingi vya nguo vikashindwa. Wafanyakazi walipewa barua na mshahara wa miezi michache. Akiba yake ya NSSF, alipokuja kuipata, ilikuwa mkupuo mmoja mdogo. Alinunua cherehani mbili na kuweka kibanda sokoni. Yule tajiri wa familia akawa ndiye anayekopa kwa mama.

24. Mshahara wa mama haukuwa umepanda kiasi cha kusherehekea. Lakini ulikuja kila mwezi. Kwa sababu ulikuja kila mwezi, sacco ilimkopesha. Kwa sababu sacco ilimkopesha, tulisoma. Hati ya mshahara wa mwalimu ni dhamana kwenye benki yoyote. Cherehani si dhamana. Ukilinganisha mshahara wa 1985 wa hao wawili, mjomba anashinda. Ukilinganisha maisha ya kazi, kuanzia siku ya kuajiriwa hadi ya kustaafu, mama anashinda kwa mbali.

25. Kuna pia pensheni, ambayo watu wa "serikali inalipa vibaya" huisahau. Kwa miaka mingi mtumishi wa umma alipata pensheni ya kila mwezi bila kuichangia mwenyewe; ililipwa kutoka kwa Hazina. Mpango mpya wa kuchangia ulianza Januari 2021: mtumishi anakatwa asilimia 7.5 kuanzia mwaka wa tatu, serikali inaongeza 15. Kwa mtu wa kampuni, sheria ililazimisha shilingi 200 zake na 200 za mwajiri kwa NSSF, hadi 2023. Kampuni nzuri zina mipango yao mizuri. Ila wangapi wameajiriwa na kampuni nzuri?

26. Tufike kwenye Katiba ya 2010. Kifungu cha 230 kiliunda Tume ya Mishahara na Marupurupu, SRC. Inatakiwa kuhakikisha jumla ya malipo ya umma inamudika, kwamba serikali inaweza kuwavutia na kuwadumisha watu wenye ujuzi, kwamba bidii inatambuliwa, na kwamba kuna uwazi na haki. Kwa mara ya kwanza kipimo kikaandikwa kwenye sheria kuu, na kikapewa watu wasioketi Bungeni.

27. Mtihani wa kwanza ukaja 2013. SRC ilishusha mshahara wa mbunge kutoka shilingi 851,000 hadi 532,500 kwa mwezi. Wabunge wakapiga kura kuupinga uamuzi huo. Mnakumbuka Mei mwaka huo waandamanaji walivyoachilia nguruwe nje ya Bunge. Mwishowe 532,500 zikabaki, lakini wabunge wakapata ruzuku ya shilingi milioni 5 ya gari. Mnaona? Mshahara umeshuka, marupurupu yamepanda. Lidbury angecheka.

28. Na hilo si la wabunge peke yao. SRC yenyewe imehesabu zaidi ya aina 200 za marupurupu katika utumishi wa umma. Kuna ya nyumba, ya usafiri, ya mazingira magumu, ya kikao, ya kazi za ziada. Mengine ni ya haki kabisa: muuguzi wa Turkana anastahili ya mazingira magumu. Mengine ni mshahara uliofichwa. Ndiyo maana maafisa wawili wa daraja moja, katika taasisi mbili za umma, wanaweza kupeleka nyumbani pesa tofauti sana.

29. Madaktari. Walitia sahihi mkataba wa malipo na serikali 2013. Haukutekelezwa. Desemba 2016 wakagoma, na mgomo ukadumu siku 100. Viongozi wa chama chao walifungwa jela Februari 2017 kwa kukaidi amri ya mahakama. Mwaka wa 2024 wakagoma tena siku 56. Safari hiyo jambo kubwa lilikuwa madaktari wanagenzi: mkataba ulisema takriban 206,000 kwa mwezi, serikali ikataka kuwalipa 70,000.

30. Daktari ana hoja kwamba kampuni, au nchi nyingine, itamlipa zaidi. Ni kweli. Serikali ina hoja kwamba pesa ni chache. Ni kweli pia. Lakini mkataba ni mkataba. Mtu wa kampuni asipolipwa walichokubaliana, anaenda kortini na mwajiri anaulizwa. Serikali isipolipa, mwananchi ndiye anayelala sakafuni hospitalini huku pande mbili zikitupiana takwimu.

31. Mtasikia pia "asilimia 35". Kanuni za fedha za umma zinasema mishahara na marupurupu yasizidi asilimia 35 ya mapato, serikali kuu na kaunti vilevile. Kaunti nyingi zimepita hapo. Ila kumbuka asilimia ni sehemu yenye juu na chini. Juu kuna mishahara, chini kuna mapato. Kaunti isiyokusanya ushuru wake vizuri itapita 35 hata bila kumwongezea muuguzi shilingi moja. Mtu akikupigia kelele za asilimia, muulize: mishahara ndiyo imepanda, au mapato ndiyo yamekwama?

32. Na wastani je? Kuna wanaochukua wastani wa mshahara wa umma na wa kibinafsi kwenye takwimu za taifa na kutangaza mshindi. Jamani. Upande wa umma kuna walimu zaidi ya 300,000, watu wa vyeti na digrii. Upande wa kibinafsi kuna meneja wa benki, mchuma chai na bawabu, wote kwenye kapu moja. Unalinganisha kapu la maembe na kapu la matunda mchanganyiko.

33. Linganisha kazi kwa kazi na picha inabadilika. Mfagiaji wa ofisi ya umma mwenye kazi ya kudumu mara nyingi ana afadhali kuliko mfagiaji wa kampuni ya kandarasi. Kima cha chini cha kibarua wa kawaida Nairobi kilichoanza Novemba 2024 kilikuwa shilingi 16,113.75, bila ya nyumba, na kulikuwa na wengi wasiokipata. Lakini mhasibu bingwa, mhandisi au daktari wa upasuaji atapata zaidi nje. Serikali huwa karibu na soko, au juu yake, kwa mtu wa chini, na chini ya soko kwa mtaalamu wa juu. Kwa hivyo wale wawili wa posti ya 1 wote wana ukweli nusu.

34. Ila afadhali hiyo ya mtu wa chini inaliwa polepole. Mwaka wa 2023 walimu wanagenzi wa sekondari msingi walikuwa wanalipwa shilingi 20,000 kwa mwezi, kwa darasa lilelile na vyeti vilevile vya wenzao wa kudumu waliopata mshahara kamili, marupurupu na pensheni. Aprili 2024 mahakama ya ajira ilisema kuajiri walimu kwa njia hiyo ni kinyume cha sheria. Mmoja wao ni binti wa mjomba. Alisomea ualimu kwa sababu alikua akitazama maisha ya mama yangu na ya babake.

35. Meza moja, kazi moja, sifa sawa, malipo mawili. Sasa si rangi, ni tarehe ya kuajiriwa. Nilipomweleza kuhusu tatu kwa tano ya 1948, aliniuliza, "Kwa hivyo mimi niko kwenye ngapi kwa ngapi?" Sikuwa na jibu la haraka.

36. Na kumbukeni hao wote tunaowazungumzia ni wachache. Mwaka wa 1972 wajumbe wa Shirika la Kazi Duniani, ILO, walikuja Kenya na ripoti yao ikaifanya dunia nzima iione sekta ya jua kali. Leo zaidi ya asilimia 80 ya wanaofanya kazi nje ya kilimo kidogo wako huko. Mwenye bodaboda hana mwajiri wa kulinganisha. Ila analipa ushuru kwenye mafuta na kwenye unga, na huo ndio unaolipa mishahara tunayobishania.

37. Kwa hivyo ukikutana na mjadala huu tena, uliza maswali matano. Unalinganisha kazi gani na kazi gani? Umehesabu mshahara tu, au na marupurupu? Umehesabu pensheni na uhakika wa kazi? Mtu huyu analinganishwa na soko au na uwezo wa Hazina, na nani ameamua hivyo? Na kama kuna mkataba, umetekelezwa? Asiyeweza kujibu hata matatu, mpishe.

38. Mama alistaafu 2016 akiwa na miaka 60. Anapokea pensheni kila mwezi. Si nyingi, lakini inajua njia ya kuja nyumbani. Mjomba amezidi miaka 70 na bado anafungua kibanda saa mbili asubuhi, kwa sababu asipofungua hakuna chakula. Walianza kazi miaka michache tu mmoja baada ya mwingine, wote wakiwa na bidii. Sitaki mama apunguziwe ili afanane na mjomba. Nataka mtu aniambie ni mpango gani uliokuwepo kwa ajili ya mjomba, na ni upi uliopo sasa kwa binti yake.

39. Mwisho wa uzi. Wiki ijayo: deni la taifa, na kwa nini kila upande una takwimu zake.